Mgongo Ambao Senge Hajauona

Section 58, Nakuru
9 Februari 2025

Mulembe Senge,

Huku tuko wazima, shangazi yangu, isipokuwa Quincy ambaye anaota jino na ameamua mtaa mzima ujue. Shantel ameingia gredi ya tatu na sasa ananisahihisha Kiswahili nikiongea na mama mboga. Mume wangu Kiprugut bado anachomelea mageti kule Kaptembwo, anarudi na mashati yenye vitundu, na bado anajibu kila kitu kwa neno moja, "sawa", ndiyo maana tunaelewana. Wewe je? Lile goti? Chai ya kioski bado inaisha kabla ya saa nne?

Kama umeketi, endelea kusoma. Kama umesimama, keti.

Unakikumbuka chumba changu nyuma ya saluni, chenye kitanda kimoja na pazia la maua? Hakipo tena. Saluni imefungwa, mwenye jengo ameingiza mtu wa kuku wa kukaanga, na pale nilipokuwa nakanda watu migongo sasa wanakanda unga. Nililia siku moja nzima. Siku iliyofuata nikawaza: Quincy hawezi kuwa mgongoni kwangu huku mimi niko mgongoni kwa mtu mwingine, na chumba kingine mjini ni ndoto. Basi nimehamisha kazi mtandaoni.

Usicheke. Mteja anakuwa kwake na mumewe, mimi niko kwangu, simu nimeiegemeza kwa mkebe wa majani chai. Nafinya mfano, naye anafinya mzee wake. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa Njoro. Nikamwambia abonyeze katikati ya wayo. Kumbe mzee hutekenyeka! Alipiga simu teke, nikaona dari, nikaona paka, nikaona dari tena, halafu giza. Lakini wamerudi, Senge. Wanataka na mguu wa pili.

Mikono hii ni yako. Wewe ndiye uliyenilea hapo Mai Mahiu, nikikushikia chupa ya mafuta ukiwanyoosha madereva shingo. Kwa hivyo naomba ruhusa. Na uniambie ni nini hasa unachofanya ukifika kiunoni, kwa sababu mimi huwa nabahatisha.

Barua nampa dereva Naftaly, trela lake linapita mlangoni kwako. Ungekubali simu tungemaliza haya kabla maji yachemke, lakini najua msimamo wako: simu ni ya kuuliza kama mtu amefika na kama mgonjwa amekula.

Mwanao,
Nasimiyu


Mai Mahiu
2 Machi 2025

Kwa Nasimiyu, binti ya kaka yangu,

Barua yako imefika, baada ya kutembea. Naftaly aliipitisha hapa kwangu bila kusimama, akaipeleka Mombasa na kuirudisha, anasema aliisahau ndani ya kofia. Kwa hivyo barua yako imefika mbali kuliko mimi. Goti linatabiri mvua kushinda redio. Chai inaisha saa tatu. Mbuzi wa jirani amekula leso yangu ya kanisa. Mimi na jirani tumesameheana, mbuzi bado.

Sasa hayo mambo yako. Kazi ya mkono haipiti kwenye kioo. Ungekuwa unauza mandazi ningekuelewa, mandazi huonekana. Maumivu hayaonekani. Dereva anaketi kwenye benchi langu anasema ni shingo. Nikimshika, shingo inanituma kwa kiuno, na kiuno kinanituma kwa kiti cha gari. Wewe kidole chako kiko Nakuru na mgongo uko Njoro. Utajulia wapi?

Ruhusa sitoi. Na usiniambie nitazame, simu yangu ni ile ya kubonyeza.

Jambo la mwisho. Usithubutu kumtumia mume wako kama mfano. Mimi ndiye mama yako kwa kulea, kwa hivyo yeye ni mkwe wangu, na mkwe hatazamwi, hashikwi, wala huketi naye meza moja. Siku ya mahari nilikula nyuma ya jikoni pamoja na kuku ili tusikutane. Miaka yote hii sijampa mkono. Sitaki kuanza na mgongo wake.

Senge yako,
Edinah


Section 58
30 Machi 2025

Mulembe Senge,

Jino la Quincy limetoka, na limekuja na mwenzake. Shantel alikuwa wa pili darasani, wa kwanza anashukiwa. Mvua imeanza na geti letu wenyewe, nyumbani kwa fundi wa mageti, halifungi.

Barua yako imenikuta nimeshakosea.

Kwanza nilitumia mto. Mto hauna kiuno. Nikamtumia Shantel, akacheka mpaka Quincy akaanza kulia. Jirani alikataa kuvua koti. Kiprugut aliniona nimeketi nimeshika mto kama mtu aliyefiwa, akasema "sawa", akavua shati, akalala kwa mkeka.

Senge, hiyo video imetazamwa na watu kushinda waliokuja kwa harusi yetu, na kwa harusi tulipika. Ila wengi hawaulizi kuhusu masaji. Wanauliza kama huo mgongo una kaka. Kiprugut anasema hata kwao Kericho mama mkwe huheshimiwa, lakini mtandao si boma la mtu. Nikamwambia hayo akwambie mwenyewe. Akatoka nje kutengeneza geti.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Chepchirchir, mke wa kaka yake Kiprugut, amenipatia nafasi kwa shamba la maua Naivasha. Ningelala huko wiki nzima, nirudi Jumapili. Wanataka jibu mwezi wa saba ukianza. Maua ni mazuri, sikatai, lakini Quincy ataanza kuniita shangazi. Kiprugut nilipomwambia alijibu "sawa", kwa ile sauti anayotumia matangani.

Kwa hivyo darasa langu la Jumanne saa nne lijae kabla ya hapo, ama nikakate waridi. Ndiyo hali. Hata kama ruhusa hutoi, niombee wateja.

Mwanao,
Nasimiyu


Mai Mahiu
20 Aprili 2025

Nasimiyu,

Leo ni Pasaka. Mhubiri alihubiri mpaka watoto wakalala, kisha wazee, kisha nadhani na yeye kidogo. Jirani amenunua leso ya kunilipa, ya rangi ambayo hata yule mbuzi hataila.

Hiyo video sijaitazama. Nirudie: sijaitazama. Lakini mke wa dereva mmoja, jina simtaji, ameniambia kwamba kidole chako gumba cha kushoto unakikanyagisha juu ya mfupa badala ya kando yake. Ameniambia pia hukupasha mafuta moto, na kwamba hilo pazia nyuma yako halijaona maji tangu Krismasi. Ni mwanamke mwenye macho.

Mfunike mkwe wangu. Si kwa ajili yangu, mimi sioni. Ni kwa ajili ya huyo mke wa dereva, ana moyo mwepesi.

Kuhusu maua sisemi kitu. Baba yako alikuleta kwangu na begi dogo, akasema ni wiki mbili tu, amepata kazi. Ndiyo hayo tu.

Viazi vimekuwa vizuri, nitavituma.

Senge


Section 58
25 Mei 2025

Mulembe Senge,

Pazia limefuliwa. Mwambie mke wa dereva.

Kiprugut sasa analala kwa mkeka akiwa amefunikwa ile leso nyekundu uliyonipa nilipojifungua, shingo mpaka magoti, anaonekana kama zawadi ya harusi. Watazamaji walipungua siku hiyo hiyo. Waliotoka wote walikuwa wa mgongo, waliobaki ni wenye maumivu. Hao ndio nawataka, lakini ni wachache, na Senge, ulisema kweli. Wanatazama mahali ninapofinya, wanafinya hapo hapo, na mgongo wa mtu wa Gilgil si mgongo wa Kiprugut. Mama mmoja wa huko alimfinya mumewe mpaka akaomba msamaha kwa makosa ambayo hata hakuwa ameulizwa.

Halafu kuna mwanafunzi mmoja nataka nikuulize habari zake. Kwenye simu jina lake linaandikwa "Naftaly Trela". Kamera yake imefungwa, haongei, lakini hakosi. Nikawa namsifu kimoyomoyo, nasema huyu dereva wetu ana bidii ya ajabu.

Jumanne iliyopita, katikati ya somo, mlango ukabishwa. Kiprugut akaenda kufungua, leso na yote. Alikuwa Naftaly, na gunia la viazi vyako. Nikamtazama Naftaly wa mlangoni. Nikamtazama Naftaly wa kwenye simu. Kwenye simu jogoo akawika, na sauti ya mwanamume ikasema, "Mama Edinah, leta chai mbili na chapati." Naftaly wa kwenye simu akatoweka papo hapo. Wa mlangoni alikunywa uji na kusifu leso ya Kiprugut.

Sisemi kitu, Senge. Nauliza tu jogoo hajambo?

Chepchirchir amepiga tena. Nimemwambia nafikiria. Nafikiria sana, Senge, mpaka nimetia chumvi kwa chai.

Mwanao,
Nasimiyu


Mai Mahiu
8 Juni 2025

Nasimiyu,

Jogoo hajambo. Mwaka huu amepata sauti ya kufika mbali.

Naftaly ana simu mbili. Moja huwa ananiachia niichaji, na pengine ilijifungua yenyewe. Vitu vya siku hizi vinajifungua. Nimeifunika na sufuria.

Goti limetulia. Kaka wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara amenunua kipaza sauti, kwa hivyo sasa tunaokoka sote, hata ambao hatukuomba.

Mwambie huyo mwalimu wa Njoro aache kubonyeza kama mtu anayepiga kengele ya mlango. Mwili si nyumba ya jirani. Sijui hayo nimeyatoa wapi, yamenijia tu nikiosha vikombe.

Senge


Section 58
19 Juni 2025

Mulembe Senge,

Leo salamu zitakuja mwishoni, hazishikiki, kalamu yenyewe inaruka. Nataka kukusimulia yaliyotokea Jumanne. Najua ulikuwepo. Lakini kwa kuwa hukuwepo, acha nikueleze.

Asubuhi hiyo Kiprugut alikuwa amebeba geti peke yake, kwa sababu kusema "nisaidieni" ni maneno mengi. Akaja akalala kwa mkeka, leso juu. Nikawasha darasa. Nikamwambia, "Baba Shantel, inua goti moja polepole." Akainua. Kitu kikalia ndani kama ukuni mkavu, na mume wangu akakwama. Goti juu, mkono juu, mdomo wazi. Hata "sawa" haikutoka. Quincy akaona farasi, akapanda. Shantel akachukua simu, akaileta karibu, akatangaza, "Darasa, huyu sasa ndiye mgonjwa mwenyewe."

Nikasahau kila kitu, Senge. Nikafinya mahali, akapiga kelele ambayo nadhani hata wewe, ambaye hukuwepo, uliisikia. Leso ikaanguka.

Ndipo simu ikanguruma. "MFUNIKE!"

Nikageukia simu.

"Mfunike kwanza! Toa huyo mtoto. Halafu wewe funga macho."

"Senge?"

"Mimi ni Naftaly. Funga macho nimesema."

Nikamfunika. Nikafunga macho.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Mimi pia nimefunga. Sasa chini ya kidole kuna nini?"

"Kuna mgongo."

"Mgongo najua, sikukuuliza habari ya kutoka hospitali. Ni kamba au ni jiwe?"

Nikatulia. Nikasikiliza na kidole, kama zamani nikiwa na chupa ya mafuta. "Ni kamba."

"Inaenda wapi?"

"Inashuka kulia. Halafu inapotea."

"Kamba haipotei. Ifuate. Inafungiwa wapi?"

"Hapa juu ya nyonga. Kuna kitu kidogo. Kama punje ya mahindi."

"Haya. Hapo usifinye. Weka kidole, ungoje, kama unangoja chai ipande. Mwambie apumue. Akikataa mwambie ni amri ya Naftaly."

Kiprugut akapumua. Nikangoja. Senge, ile punje ikalegea chini ya kidole changu kama sukari ndani ya uji, na mguu ukashuka wenyewe, na kutoka chini ya leso ikatoka sauti: "Sawa."

Nilipofumbua macho nikatazama simu. Darasa lote lilikuwa limefunga macho! Kila mtu ameshika mtu wake, kimya kama kanisani kabla ya kipaza sauti. Halafu mwalimu wa Njoro akapiga yowe: "Nimeipata! Punje! Mzee wangu anayo!" Na mzee wake hakutekenyeka, kwa sababu mara hii hakubonyezwa, alingojwa tu. Yule mama wa Gilgil naye akaanza, "Yangu ni jiwe, mwalimu, yangu ni jiwe!" Wakawa wanaitana, kamba, jiwe, kamba, mpaka nikacheka nikakaa chini, na Quincy akacheka kwa sababu mimi nacheka, na Kiprugut akacheka kidogo, akashika kiuno, akaacha.

Nimekuwa nikifundisha kinyume, Senge. Nilikuwa nawaonyesha. Kumbe natakiwa kuwauliza. Sasa nafunga kamera, wanafunga macho, nauliza chini ya kidole kuna nini, wananijibu, na kidole changu kinafika Njoro bila nauli. Tangu Jumanne wamewaambia dada zao na wifi zao, mpaka imenibidi nifungue darasa la pili, Alhamisi. Leo lilikuwa la kwanza. Wote walikuwa na swali moja: mwalimu Naftaly atafundisha lini?

Lakini bado hujatoa ruhusa, na mimi sijazoea kufanya kazi ya mikono yako kwa wizi. Chepchirchir nimemwambia nitampa jibu nikipata barua yako. Ukisema hapana, nitafunga begi. Kwa hivyo tafadhali barua isipitie Mombasa.

Halafu Kiprugut ana aibu. Anasema hata kama mikono ilikuwa yangu, aliyemshika ni mama mkwe, na hata kwao mtu hashikwi na mama mkwe bure. Amenunua blanketi na kondoo. Naftaly atavileta. Kondoo ni mkali kidogo, mtafahamiana.

Salamu sasa: sote wazima, kiuno kikiwemo.

Mwanao,
Nasimiyu


Mai Mahiu
25 Juni 2025

Nasimiyu mwanangu,

Barua hii nimemwambia Naftaly aivae, si aiweke kwa kofia. Nimeifunga kwa kifungo cha shati lake mbele ya mashahidi.

Blanketi limefika, ni zito, la rangi ya heshima. Kondoo amefika pia. Siku ya kwanza alikutana na yule mbuzi wa jirani karibu na kamba ya nguo, na sasa mbuzi anapita upande ule mwingine wa barabara. Mwambie mkwe wangu amenifanyia jambo ambalo maombi yalishindwa.

Mwambie pia, kwa hivyo vitu viwili, mwiko kati yangu na yeye umekwisha. Akija Desemba nitampa mkono. Nitakula naye ndani ya nyumba. Kuku wamezoea kunipata hapo nyuma ya jikoni, watajizoesha.

Ruhusa unayo. Ulikuwa nayo kabla hujaomba, ila nilitaka kwanza niujue huo mtandao, kama ni mtego wa kumeza watu ama unawaachilia. Mwambie Chepchirchir ahsante, lakini hayo maua yana watu wengi, na Quincy ana mama mmoja. Begi mpe Shantel, liwe la shule. Mtoto asiachwe kwa mtu kwa wiki mbili. Mimi najua wiki mbili zinavyokuwa ndefu. Nilizipenda, ni za kwangu, lakini ni ndefu.

Alhamisi Naftaly atafundisha, saa nne, chai ikishaisha. Kamera itabaki imefungwa, na jina litabaki hilo hilo. Mwenyewe amekubali, ingawa analalamika kwamba alipoegesha trela Njoro wanawake watatu walimsimamisha wakamwambia, "Mwalimu, hebu shika hapa."

Ila jambo moja nataka lieleweke, huko kwenu na huku kanisani, maana watu wana midomo: mimi mgongo wa mkwe wangu sijauona. Nilifunga macho. Nilisikia tu.

Sasa kabla sijasahau. Lile baka jeusi alilonalo chini ya bega la kushoto, kama haragwe, mlipake samli asubuhi na jioni. Mke wa dereva anasema linakauka.

Senge yako,
Edinah